Evarista, fundi anayepima wateja kwa sauti

Asubuhi hii katika soko la Mchikichini, mkono mwembamba unachomoza nyuma ya pazia, unanyakua koti na kupotea nalo. Bakili, kuli wa bandarini aliyelileta lipunguzwe, anaruka nyuma.

"Dada, huyo ni mtu kweli?"

"Mtu, tena mtoto wa dada yangu," anacheka Severine, mwenye kibanda. "Wewe ongea tu, atakupima."

Bakili anaongea, shingo upande. Futi ya kupimia haiguswi. Baadaye koti linamkaa kama alizaliwa nalo, naye anaondoka haraka bila kugeuka.

Nyuma ya pazia yupo Evarista, miaka kumi na tisa, mzaliwa wa Masasi. Ana aibu isiyo ya kawaida. Akitazamwa tu, midomo inamkauka. Lakini tangu biashara ya nje ifunguliwe na marobota ya mitumba yamiminike mjini, hapa sokoni hakuna anayegeuza makoti ya Ulaya kuwa magauni kama yeye.

"Mtu akiongea, naona mabega yake, naona kiuno," ananong'ona kupitia pazia. "Nikimtazama kwa macho, sioni kitu."

Balaa lilianza mwezi uliopita. Sauti ya mwanamke ilimwambia: "Mikono iwe mirefu, mwanangu. Huku baridi." Akashona. Severine, ambaye hakubanduka pale mbele, anaapa hakuja mwanamke yeyote.

Gauni likatundikwa, lisimtoshe mtu. Sokoni, ambako nguo hizi huitwa kafa Ulaya, habari ikaenea kuwa marehemu wenyewe wameanza kuzifuata. Wateja wakawa wanapita mbali.

Severine akang'oa pazia ili watu wamwone binti. Mikono ya Evarista ikafa ganzi, mkasi ukala gauni la mteja. Pazia likarudishwa.

"Nampenda, ila kibanda kinakufa," anasema Severine. "Mwisho wa mwezi atoke asalimie watu, la sivyo arudi Masasi."

Evarista anataka kutoka amevaa gauni aliloshona mwenyewe. Tatizo, hajui vipimo vyake. Hajawahi kuongea vya kutosha hata aisikie sauti yake.

Kwa hiyo siku hizi anafanya mazoezi. "Karibuni," anasema nyuma ya pazia. "Karibuni wateja." Majirani wanadai kuna anayemwitikia.

"Hata mimi namsikia," anakiri. "Simwogopi kama ninavyowaogopa ninyi. Nikishajua sauti yangu ni ipi kati ya hizi mbili, nitakata kitambaa, nitavaa, nitatoka."