Nyumba ya Lanet na Meno Yangu

Mwaka ule wa korona, wakati kila mtu alilalamika kwamba barakoa inamziba pumzi, mimi niliipenda kama nguo ya sikukuu. Nilizaliwa upande wa Rongai, kwenye shamba lenye kisima, na mtu wa Nakuru akisikia hivyo hahitaji kuelezwa zaidi. Maji ya visima vya kwetu yana madini yanayoharibu meno ya mtoto yakiwa bado ndani ya ufizi. Yakiota yanatoka na rangi ya majani ya chai, na hakuna mswaki wa kuyang'arisha. Mtu wa hapa akiniona anajua tu nilikunywa maji gani. Mtu wa mbali anadhani ninavuta sigara kwa siri. Nikiwa chuoni Nairobi, msichana tuliyelala naye chumba kimoja alininunulia dawa ya meno kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, tena ile kubwa ya familia. Nilimshukuru. Mpaka leo sijamsamehe.

Mwaka huo ndio mume wangu aliamua kwamba ni wakati wa kununua nyumba. Tulikuwa tumepanga mjini Nakuru, kwenye ghorofa ambayo mwenyewe hakuwa na haraka ya kurekebisha chochote, na binti yetu alikuwa ndio kwanza amejua kukimbia. Mume wangu ni mwalimu wa hesabu katika shule ya serikali. Shule zilifungwa lakini mshahara wake uliendelea kuingia. Walioumia ni wengine: hoteli zilifungwa, mashamba ya maua yakapunguza wafanyakazi, na watu waliokuwa wamejenga Lanet, nje kidogo ya mji, kwa mikopo wakaanza kuuza. Bei zikaanguka. Mume wangu alizifuata kwenye simu kama wenzake wanavyofuata mpira, na kila zilipoanguka alikuja jikoni kunitangazia. Nilikuwa naona aibu kidogo kufurahia shida ya mtu, lakini na sisi tulitaka pa kukaa.

Nyumba tuliyoipata ilikuwa ndani kidogo kutoka barabara ya Nairobi. Vyumba vitatu vya kulala, jiko lenye dirisha linalotazama uwanja, na uwanja wa kumtosha mtoto kukimbia bila kugonga gari la mtu. Niliipenda nikiwa bado mlangoni. Nilishajua kabati ingekaa wapi. Ndipo broka aliyekuwa akituzungusha, jamaa mwenye viatu vilivyochongoka, akafungua mfereji wa jikoni kwa madaha.

"Madam, huku shida ya maji mnasahau kabisa. Hii estate iko na borehole yake."

Borehole ni kisima tu, kilichochimbwa kwa mashine. Mume wangu alikuwa anatabasamu. Yeye ni wa upande wa Molo, amekulia maji ya mvua na ya mto, ana meno kama ya tangazo, na kwake maji ni maji mradi yanatoka.

"Tungoje," nilimnong'oneza. "Bei bado itashuka."

Sikuweza kumwambia ukweli. Tulikuwa tumeoana kwa miaka na hatujawahi hata siku moja kutaja meno yangu. Yeye hakuuliza, mimi sikusema. Sasa ningeanzia wapi, mbele ya broka, kueleza kwamba sitaki binti yangu akue akificha mdomo kila anapocheka? Na kama angenijibu kwamba ni meno tu? Tungegombana, na mimi nikigombana sirudi haraka. Najua mtu atasema tungenunua maji ya kunywa. Lakini mtoto hakui kwa maji ya chupa peke yake. Kuna uji, kuna supu, kuna mfereji anaoufikia mwenyewe akiwa na kiu. Mama yangu pia alikuwa akikinga mvua kwenye masufuria, na mvua ilipokatika tukarudi kisimani.

Broka akapiga simu: bei imeshuka. Mume wangu alinitazama kama mtu aliyegundua kwamba ameoa mtaalamu. Aliwaambia walimu wenzake kwamba mke wake ana jicho la biashara. "Tungoje," nikasema tena, na bei ikashuka tena. Kila iliposhuka, neno langu lilizidi kukosa maana, maana sasa nyumba ile tungeweza kuinunua bila kujinyonga. Yeye mwenyewe alianza kunyamaza nikisema tungoje, nami nikadhani amechoka na bei. Kisha broka akasema kuna mwanajeshi wa kambi ya jeshi ya hapo Lanet aliyekuja kuiona na mke wake, na mke amependa jikoni. Nilikasirika kana kwamba nimeibiwa.

Basi nikaenda Lanet peke yangu kufanya upelelezi. Mpango ulikuwa rahisi: nisimame kwenye kibanda cha mboga karibu na ile nyumba, nitazame meno ya watu waliokulia pale. Nilikuwa nimesahau tuko mwaka gani. Watoto walikuwa wamefungiwa manyumbani na kila mdomo uliopita ulikuwa umefunikwa. Nilinunua sukuma wiki, nikanunua nyanya, nikanunua na ndizi ambazo sikuzihitaji. Mwishowe mama mboga akashusha barakoa ili ajibu simu. Meno meupe kabisa. Nilikaribia kumkumbatia.

"Wewe ni mzaliwa wa hapa?" nilimuuliza alipomaliza.

"Zii, madam. Mimi nimeolewa hapa. Kwetu ni Murang'a."

Nilirudi mjini na ndizi zangu.

Mwenye nyumba alikuwa mama mjane aliyetaka kuhamia shambani. Aliposikia kwamba hatusemi ndiyo wala hapana, alitutumia ujumbe tuje wenyewe, bila broka, tunywe chai tuongee. Jumamosi hiyo tulikaa uwanjani, viti vikiwa vimeachana kama sheria ilivyotaka. Mabinti zake wawili, watu wazima waliorudi nyumbani baada ya kazi kuisha, walileta chai na nduma, wakaketi nasi. Na chai hainyweki na barakoa. Tukazishusha sote.

Mume wangu akasimulia kisa cha mwanafunzi wake mmoja, na mabinti wakacheka. Yule mkubwa akapeleka kiganja mdomoni. Sikuhitaji kuona zaidi, nilikijua kiganja kile. Lakini mdogo alicheka mdomo wazi, kichwa nyuma, na meno yake yote yalikuwa meupe.

"Hawa ni wa baba mmoja?" nikauliza.

Sijui maneno yale yalitokaje. Mume wangu alikohoa. Nilitamani ardhi ifunguke, ingawa huku kwetu mtu hatamani hivyo ovyo, kwa sababu hapa Bonde la Ufa hufunguka kweli. Mama wa watu akaweka kikombe chini, akanitazama, si macho bali mdomo.

"Wewe ni wa wapi?"

"Rongai, mama."

"Maji ya kisima?"

"Ya kisima."

Akaanza kucheka polepole, mabega yakimtikisika. "Si ungeuliza tu maji! Unaniuliza kama nilikuwa na mabwana wawili, na huyo mmoja alinitosha."

Alituongoza nyuma ya nyumba. Pale palikuwa na tangi kubwa la saruji lililokaribia kufika mabatini. Broka alikuwa ametuonyesha siku ya kwanza kwa kidole tu, akasema hiyo mtabomoa mpate parking. Mifereji ya paa lote ilimwaga humo, na kutoka humo bomba liliingia jikoni, kwenye mfereji mdogo wa pembeni ambao hakuna aliyetufungulia.

"Huyu mkubwa alikunywa ya borehole, hatukujua," mama alisema. "Meno zikatoka hivyo. Daktari ndiye alituambia. Mzee wangu akajenga hii tank kabla huyu mdogo azaliwe. Ile ingine ni ya kufua na ya choo. Hii ni ya kunywa na kupika peke yake, na haijawahi kuisha, hata kiangazi."

"Mimi ndio nililipia huyu," yule mkubwa akasema, akimwonyesha mdogo wake kwa kidevu. Alikuwa anatania, na pia hakuwa anatania. Mdogo wake akamwegemea begani.

Nililia pale pale, nimeshika ukuta wa tangi. Si kilio cha huzuni. Nilikuwa nimebeba jambo lile wiki nyingi bila kumwonyesha mtu, na sasa nimelitua, na mwili ulikuwa haujui ufanye nini na wepesi ule. Mume wangu akageuka kwa mwenye nyumba, akasema, "Mama, tunachukua." Hakuomba hata apunguziwe.

Kwenye gari alikaa na funguo mkononi bila kuwasha.

"Kumbe ilikuwa maji."

"Ilikuwa meno," nikasema.

"Si ungeniambia."

"Ungesema ni meno tu."

Akafikiri. "Ningesema hivyo," akakubali. Kisha akasema, akitazama mbele, "Mimi nilidhani ni mimi. Kila ukisema tungoje, nilidhani hutaki kununua na mimi kitu chenye hakigawanyiki."

Nilianza kumcheka, kisha nikaona uso wake, nikaacha. Nikamwambia ningeishi naye hata kwenye lile tangi. Akasema lina maji ndani, akawasha gari.

Tulihamia kabla ya mvua ndefu. Bei haikuacha kuanguka kwa sababu sisi tumenunua. Jirani wa nyuma alipata yake kwa bei nafuu kuliko yetu, na mume wangu alikasirika siku nzima. Mimi nilikuwa juu ya ngazi nikisafisha mifereji ya mabati, na nikagundua kwamba sijali hata kidogo.

Binti yetu sasa ni mwanafunzi wa shule ya msingi. Meno ya mbele ya utotoni yalipong'oka, nilimwinua kidevu kila asubuhi kama mtu anayekagua ng'ombe sokoni. Mapya yalipotokeza yalikuwa meupe, yote mawili, mapana, yamesimama upande kidogo. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, taulo begani. Yeye hakufurahi. Alijitazama kwenye kioo cha bafuni, akanivuta niiname, akalinganisha mdomo wake na wangu kwa makini.

"Mum," aliniuliza, "zangu zitaiva lini?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na yeye akanishika mashavu kwa mikono miwili nisifunge mdomo, kwa sababu alikuwa hajamaliza kuangalia.