Mwaridi Uliosimama kwa Miguu Yake

Bi Kisu hakuzaliwa na jina hilo, wala hakuwa mkali. Alipewa na wenzake wa kitalu cha maua kwa sababu alikuwa akibebesha waridi upesi kuliko wewe unavyomenya kiazi. Anapiga magoti mbele ya shina la waridi mwitu, anachana gome karibu na udongo, anachomeka kijicho cha kuchipua kilichokatwa kwenye waridi la bustani, anafunga utepe, anasogea mbele. Waridi mwitu lina mizizi ya kutisha lakini maua yake hayana mnunuzi. La bustani ni zuri ila halijiwezi. Basi mmoja anambeba mwenzake, kama ndoa nyingi tunazozijua.

Kazi ya pili pale kitaluni ilikuwa kuwasaka wezi. Chipukizi lolote linaloota chini ya pale kijicho kilipounganishwa ni la mwitu, na likiachwa hunyonya chakula chote mpaka la bustani life. Kwa hiyo halisubiri kesho. Ukiliona unalikaba shingoni na kulichomoa, huku ukiendelea na mazungumzo yako. Bi Kisu alikuwa akifanya hivyo tangu usichana wake, mpaka mkono ukawa haumwombi ruhusa.

Mumewe, Mzee Mbegu kwa wote waliomjua, alitunza bustani za watu, na alikuwa na ugonjwa wa kuhubiri ukoo wa waridi. Ukimkaribisha tufaha, kabla hajaliuma atakwambia kwamba mtufaha na mwaridi ni ndugu wa damu, na mpea vilevile, na mplamu, na hata stroberi inayotambaa chini ni binamu yao. Tufaha, alipenda kusema, ni waridi lililoolewa kwa matajiri. Kisha akacheka peke yake.

Hawakujaliwa mtoto. Walihangaika, wakalia, wakanyamaza. Baadaye Mzee Mbegu alianza kuchavusha waridi kwa brashi ndogo na kupanda mbegu zake kwenye makopo uani. Miche karibu yote aliitupa. Mmoja tu aliuhamishia ardhini, karibu na bomba: mwaridi wenye maua meupe ya maziwa, yenye wekundu kidogo katikati. Akawatangazia majirani kwamba amepata kifungua mimba uzeeni. Bi Kisu alicheka pamoja nao, halafu akajifungia bafuni na kulia.

Mara nyingi alitaka kuubebesha juu ya mizizi ya mwitu ili wapate miche mingine, maana duniani kote ulikuwa huo mmoja. Mumewe hakukubali. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, alisema, na mtoto wake hatabebwa mgongoni na mtu. Walibishana hivyo hadi ikawa utani wa nyumba, na utani ukishakolea jambo lenyewe husahaulika.

Kisha mapafu ya Mzee Mbegu yakamshinda, akalazwa. Mwaridi nao, kana kwamba wamepanga, ukaanza kuugua. Shina likatoa madoa meusi na majani yakapukutika. Bi Kisu akitoka kazini anapita hospitali, akitoka hospitali anachota maji kwenda kuumwagilia. Jioni moja wifi yake, aliyekuja kumsaidia, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya uani akisimulia majirani wawili walivyogombea kuku. Bi Kisu aliinama, akaona chipukizi jekundu limetoka udongoni pembeni ya shina. Akalikaba, akalichomoa lote mpaka na kisigino chake kilichoshika mzizi, akalitupa kwenye ndoo ya taka, akauliza kuku alikuwa wa nani hasa.

Shina likakauka. Alilikwangua gome akitafuta ubichi, hata kijicho kimoja cha kubebesha, akakuta kahawia tupu. Aliona ni ugonjwa umeua, akajiuliza atamwambiaje mumewe.

Haukupita muda madaktari wakamrudisha Mzee Mbegu nyumbani, kwa ile lugha ya upole ya watu walioshindwa. Bi Kisu na wifi yake walimtandikia sebuleni, ambako dirisha linatazama barabarani. Hakuomba hata maji.

“Mwenzangu, mtoto ameota kutoka chini?”

Bi Kisu hakuelewa. Basi mumewe akamweleza, kwa pumzi za kuokota. Lile shina kuukuu alijua linakufa tangu kabla hajalazwa. Lakini mzizi ulikuwa mzima, na kwa kuwa haukubebeshwa, chochote kitakachotoka udongoni ni mwenyewe, si mwitu. Kule wodini alikuwa akingoja hilo tu.

Mkono wa kulia wa Bi Kisu ulimfia mapajani. Mazoea yana taabu, lakini hakuwahi kufikiri yanaweza kuua.

“Ameota,” alisema.

“Basi usimguse.”

“Simgusi.”

Uongo ukishauzaa sharti uulee. Kila asubuhi mgonjwa aliuliza, na kila asubuhi Bi Kisu aliukuza mwaridi kwa mdomo: umefika kwenye kifundo cha mguu, umefika gotini, umechanua majani. Kisha anakwenda uani na kumwagilia udongo mtupu, akiuomba mzizi radhi kwa sauti, kama mwehu. Hakikuota kitu.

Siku moja Mzee Mbegu aliomba aletewe jani. Bi Kisu alikwenda mpaka kitaluni, akachagua jani changa la waridi mwitu, kwa kuwa yanafanana, akamwekea kiganjani. Mzee akalifikicha kwa vidole na kulipeleka puani. Hapo ndipo mkewe alipokumbuka. Jani la mwaridi wao likifikichwa lilinukia tufaha. Ndiyo sababu mumewe aliuchagua ule mmoja na kuitupa mingine yote: alisema mtoto huyu hajasahau ukoo wake.

Mzee Mbegu alilinusa jani muda mrefu. Bi Kisu aliinamisha kichwa, akimngoja amgombeze, na angeshukuru kugombezwa.

“Amekua,” alisema Mzee Mbegu, akaushika ule mkono wa kulia. “Ahsante, mwenzangu.”

Alikaa wiki chache zaidi. Aliuliza habari za kitalu, za magoti ya mkewe yanayouma, za bei ya sukari. Habari za mwaridi hakuuliza tena.