Kisigino cha Mama Pasi

Kazi ya Mama Pasi ilikuwa ya kusimama. Meza yake iliwekwa chumba cha mbele, karibu na dirisha. Nguo za watu ziliingia zimekunjamana, zikatoka zimenyooka. Wateja ndio waliompa jina hilo. Mumewe, fundi viatu aliyeshonea hapo hapo mlangoni, alimwita bibie.

Kisha kisigino cha kulia kikamkataa. Asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya. Akishusha mguu kutoka kitandani, kama amekanyaga msumari. Mchana kililegea, jioni kikarudia. Daktari akasema ni ukano mpana wa chini ya unyayo umechoka. Si wa kupasuliwa, ni wa kutunzwa.

"Nikishindwa kusimama, hii meza itoke," alimwambia mumewe. "Sitaki kuitazama imekaa bure."

Fundi akaendelea kushona. Alijua ikitoka meza, na mkewe ametoka nayo.

Jirani yao mshonaji alikuwa amechomwa sindano ya kisigino, akaisifu kuliko wanawe. "Chomwa, shoga. Utatembea kama msichana."

Akachomwa. Akatembea kweli, akapiga pasi hata matambara ya jikoni. Mvua zilipoanza, maumivu yakarudi. Na mshonaji naye akaonekana anachechemea, anajificha ukutani.

"Hujambo, msichana?" Mama Pasi akamwuliza.

"Hebu niache."

Ikawa zamu ya fundi. Akakata sponji, akaivika ngozi laini, akainua kisigino cha kiatu cha kulia. Watu humletea kiatu kimoja kibovu, naye hutengeneza hicho hicho. Ndivyo mkono wake ulivyozoea. Kabla wiki haijaisha, nyonga ya mkewe ikaanza kuuma.

"Mume wangu, mguu mmoja uko mlimani, mwingine bondeni. Mimi nikae wapi?"

Fundi akavitazama vile viatu, akacheka mwenyewe. Amezeekea kwenye ufundi, akasahau kwamba mkewe ana miguu miwili. Akatengeneza na cha kushoto. Mchana ukawa na nafuu. Asubuhi, bado.

Likabaki lile alilolidharau Mama Pasi. Mtaalamu wa viungo hospitalini alikuwa amemwambia, kabla hajakanyaga chini, apitishe taulo mbele ya unyayo, avute vidole kuja kwake taratibu, aachie, arudie. Jioni aviringishe unyayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda. Mama Pasi alisema hayo ni ya kuchezea watoto. Ukweli, mwili ulikuwa umemjaa, mikono haifiki miguuni.

Basi fundi akawa anaketi nyuma yake kitandani, mkewe amemwegemea kifuani, yeye ameshika ncha mbili za taulo.

"Polepole. Unavuta kama unang'oa soli."

"Tulia basi. Soli huwa hazisemi."

Kila asubuhi hivyo. Chai ilisubiri, wateja waligonga mlango, wao wanavuta. Nafuu ilikuja kidogo kidogo, hata hawakuiona ikiingia. Siku moja alishuka kitandani akaenda moja kwa moja kuwasha pasi, akiwa mlangoni ndipo alipokumbuka mguu.

Mshonaji akaja kuuliza kipi kilichomponya.

"Sindano ni mgeni, shoga. Alikuja na zawadi, akaondoka. Taulo ni kama mume. Linachelewa, lakini linalala nyumbani."

"Na viatu?"

"Viatu ni kazi ya mume wangu. Hapo usinitie maneno."

Alisimama kwenye meza ile miaka mingine mingi. Ugonjwa uliomchukua haukuwa wa mguu.

Baada ya mazishi wanawe walitaka kuitoa meza, chumba kipate nafasi. Baba yao akasema iacheni. Asubuhi huamka, hukaa kidogo ukingoni mwa kitanda, mikono haina cha kushika. Halafu huenda kunyoosha shati lake mwenyewe. Hulinyoosha vibaya. Viatu vya mkewe viko chini ya meza, vyote viwili.