Bangi Kwenye Gunia la Mbegu

Mimi ni fundi cherehani wa mtaa wa Yoba, hapa Gitega, mtoto wa nyumba ambayo chupa ya bia haijawahi kuvuka kizingiti. Baba alikuwa akitunusa midomo tukitoka harusi za majirani. Bangi hakuitafuta, maana hata hakuiwaza. Basi sisi vijana wa mtaani tukajitungia sheria yetu: pombe ni haramu, bangi ni kosa la serikali tu. Mungu tulimwogopa kweli, serikali tuliikwepa. Nilivuta miaka mingi nikijiona mtu safi, nikiwacheka walevi waliolala kando ya barabara.

Rafiki yangu wa Gashoho, kule Muyinga, alifika hapohapo kwa njia nyingine. Alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, akarudi mtu mzima, ana mke na Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Kanisa lao linakataza pombe. Kila nilipopeleka sare za shule kwenye soko lao nilifikia kwake, na mchana tulijibanza nyuma ya migomba tukivuta. Tulinong'ona kama wezi, na sitadanganya, hilo lilitunogea. Sheria ya serikali ilitufanya tujione werevu. Pia ilituzoesha kusema uongo mpaka tukaacha kuuhesabu.

Siku ninayoikumbuka, alitoa msokoto akavuta yeye kwanza. Kwetu mwenyeji huonja kinywaji kabla ya mgeni, ili mgeni ajue hakina sumu, naye desturi hiyo ya pombe aliihamishia kwenye bangi. Akavuta mara tatu, mara nne. Kabla hajanipa, mkono ulianza kumtetemeka. Jasho likamtoka, mate yakamjaa mdomoni, akaanguka.

Nilipiga kelele. Jirani akaja na pikipiki, nikamshikilia mgonjwa katikati yetu mpaka kituo cha afya. Mkewe alitufuata mbio kwa miguu.

"Alikula nini? Alikunywa nini?" aliuliza muuguzi, mwanamke wa makamo.

"Pombe tu, mama," nilijibu.

Aliinama akamnusa. "Uyu hanuke pombe. Papa, mi siko polisi. Sema kweli, nijue dawa ya kumupa."

Nilimsikia vizuri kabisa. Lakini nilichokiona mbele yangu ni mahabusu, na baba yangu akiniletea chakula mahabusu. "Iko pombe, mama," nikarudia. Rafiki yangu alikuwa akikoroma vibaya. Nilijua ninachofanya, na bado nilikifanya.

Mkewe akaingia akihema. Mbele ya akina mama wote waliopanga foleni na watoto wao, akasema kwa sauti: "Anavuta bangi. Anaificha kwenye gunia la mbegu za maharage, zile tulizozitia dawa ya wadudu."

Muuguzi hakumwita askari. Alimvua mgonjwa shati, akamwosha, akamchoma sindano, kisha akaagiza gari la kumpeleka hospitali mjini Muyinga.

Huko tulikaa kwenye benchi, mimi na mkewe, shemeji yangu. Nilimuuliza alijua tangu lini.

"Tangu Tanzania," alisema. "Hata gunia nililijua. Alimwambia mdogo wake kwamba hakuna askari atakayeingiza mkono kwenye mbegu zenye dawa, nami nikasikia. Niliogopa nikianza kumgombeza majirani watasikia, wamchukue. Nikanyamaza."

Miaka yote ile tulikuwa tukimficha mtu aliyekuwa akitufichia. Bangi yenyewe sijui ingemfanya nini. Kilichomwangusha ni mahali alipoiweka, na aliiweka pale kwa kuogopa jela, kama mimi nilivyoogopa kufungua mdomo.

Asubuhi ya pili alifumbua macho, akaomba uji. Alipokwisha kunywa akanigeukia.

"Shemeji yako ameniambia alichosema kituoni. Wewe uliwaambia nini?"

"Nilisema pombe."

"Kwa hiyo ungeniacha nife," alisema, "tena nife mlevi."

Mkewe alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilishindwa kucheka. Siku hizi sivuti, na sare bado napeleka Gashoho. Nikifika huwa napita kwanza pale kituoni kumsalimia yule muuguzi. Nakusudia kumwomba radhi kwa ule uongo, kisha naishia kumuuliza habari za watoto wake, naondoka.