Picha ya Mto Uliojaa

Nilipiga picha ya mto uliojaa maji, nikaiweka mbele ya ulimwengu mzima, na chini yake nikaandika kwamba hatuna maji. Nasema mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa, tuendelee. Kwetu huku, mbele kidogo ya Kathonzweni, walishacheka hadi wakachoka, na mimi nilichoka kabla yao.

Kazi hiyo nilipewa kwa sababu moja tu: sitoki nyumbani. Nina kibanda cha sukari na majani ya chai mbele ya mlango wangu, nachaji simu za watu kwa sola, na safari yangu ndefu ya wiki ni kwenda kanisani, nayo nikipata wingu la kusingizia siendi. Majirani huniita Soja, yaani mlinzi, ingawa hawajawahi kusema nalinda nini. Siku ofisa wa kaunti alipokuja kutueleza mpango mpya, ikaulizwa nani atashughulikia mambo ya mtandao. Mzee mmoja akasema apewe Soja: kidato cha nne alimaliza, simu yake haijapasuka, na saa yoyote tukimtaka yuko tu pale. Wakapiga makofi. Sijawahi kusifiwa hivyo kwa kukaa.

Mpango wenyewe haukuwa mgumu. Kaunti ilisema siku hizi haijengi peke yake. Kikundi kiweke mradi wake kwenye tovuti, na watu popote walipo, watoto wetu wa Nairobi, walio ng'ambo, hata wasiotujua, wachange kwa simu. Mkifikisha nusu ya gharama kabla ya mvua za mwisho wa mwaka, kaunti inaweka nusu ile nyingine. Msipofikisha, kila mtu anarudishiwa chake, na nusu ya kaunti inapewa kikundi kingine.

Sisi tulitaka bwawa la mchanga. Ni ukuta unaokata mto wetu, ambao karibu mwaka mzima huwa mchanga mkavu. Mafuriko yakija yanajaza mchanga nyuma ya ukuta, maji yanajificha ndani ya mchanga huo, na kiangazi unachimba kidogo unayakuta. Mawe hayakuwa shida. Akina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, walikuwa wameshaanza kuyakusanya kando ya mto. Shida ilikuwa saruji na fundi.

Jirani yangu wa ua wa pili, mjane, ndiye aliyelingoja bwawa hilo kuliko sisi wote. Punda wake alikufa wakati wa ukame. Tangu hapo hubeba mtungi mgongoni kwa mukwa, ule mshipi unaopita kwenye paji la uso, na goti lake la kushoto limeanza kukataa. Daktari alimwambia aache kubeba mizigo. Akamuuliza daktari kama atakuja kubeba yeye. Anakochota ni mbali, chini kabisa mto unakopinda, na bwawa lingekuja hapa karibu na boma zetu. Sisi tuliposema maendeleo, yeye alikuwa anasema goti. Mimi maji huletewa na kijana mwenye punda, nalipa, nafungua mlango tu.

Basi mvua ya Aprili ikanyesha, asubuhi mto ukapita ukinguruma. Nilipanda kilima cha nyuma ya nyumba nikiwa na sapatu na shuka, nikapiga picha, nikarudi kwa chai yangu kabla haijapoa. Picha ilitoka, jamani.

Niacheni nijitetee kidogo. Kwetu mgeni wa harambee haonyeshwi njaa. Anakodishiwa hema, kwaya inavaa sare, viti vizuri vinaazimwa kanisani, na kuku anayechinjwa si yule wa kuchechemea. Mgeni akiona mmejipanga, anajua pesa yake haitapotea. Kwangu mimi ule mto uliojaa ulikuwa kile kiti kizuri. Tena mto usiofurika utajengewa bwawa la nini? Kila aliyekuja kibandani nilimwonyesha, na kila mmoja akasema hiyo ni picha. Jirani yangu naye aliomba kuiona. Nikamwambia iko kwenye mtandao, na kabambe yake, simu ndogo ya vibonyezo, haifungui mambo hayo. Ningemwonyesha kwenye yangu, lakini ilikuwa kwenye chaji, na mimi nilikuwa nimeshaketi.

Wanaoujua mto wetu walichanga, kisha pakatulia. Kwenye harambee ya kweli jina lako linatajwa kwa kipaza sauti na shemeji yako anakuangalia, kwa hiyo unaongeza. Kwenye mtandao hakuna shemeji. Nilikuwa nikifungua ukurasa kila asubuhi, nakuta ni pale pale, naufunga.

Agosti ofisa akanipigia. Akaniuliza polepole kama nimesoma maoni ya watu. Sikuwa nimesoma. Akanisomea moja: mtu fulani alisema wenye mto kama ule hawahitaji mchango, wanahitaji ndoo. Nikauliza kama picha ni mbaya. Yeye akauliza kama nina nyingine.

Ndipo nilipomfuata jirani yangu mtoni. Mwenye goti bovu alikuwa yeye, lakini aliyesimama njiani kupumzika nilikuwa mimi. Tulipofika akashuka kwenye shimo alilochimba mchangani, nikabaki kuona kitambaa chake cha kichwa tu. Akawa anasubiri maji yatokeze, anateka kwa kikombe, anamimina mtungini, anasubiri tena. Niliomba nimpige picha.

"Siombi mtu nikiwa ndani ya shimo," akasema. "Ngoja nitoke."

Nilingoja mpaka kivuli changu kikahama. Alipotoka nilipiga picha ya shimo lenyewe, na mtungi na mukwa pembeni yake.

Picha hiyo ilifanya kazi. Watu wasiotujua wakaanza kuchanga, na kila asubuhi nikakuta tumesogea. Nikaanza hata kutembea tembea nje ya ua. Lakini mvua hazikutungoja. Zilifika tukiwa tumebakisha kidogo sana, ukurasa ukafungwa, na ofisa akanipigia kusema nusu ya kaunti imeenda kwa kikundi kingine, tujaribu tena mwaka ujao. Yeye pia alisikika amechoka. Nilimwambia asante. Mto ulikuwa unapita chini pale ukinguruma, umejaa kabisa, unapita pembeni mwa yale mawe ya akina mama.

Jioni jirani yangu alileta simu yake kuchajiwa, akaniambia nimsomee ujumbe ulioingia, miwani ameacha. Ulikuwa wa kumrudishia mchango wake. Sikujua kwamba alichanga. Nikamsomea. Kisha akaomba ile picha ya kwanza, ile watu wanayoicheka. Safari hii nilimpa simu mkononi. Akapangusa kioo kwa leso, akaitazama, akanirudishia.

"Soja, uliupiga picha mto ukiwa umejaa kwa sababu hujawahi kufuata maji. Mwaka ujao simu nitashika mimi, mtungi utabeba wewe."