Mtoto wa Kiden

Kikohozi kimoja, kikavu, kutoka chumba cha pili. Niliketi kitandani nikisubiri kingine, hakikuja. Hata hivyo niliamka, nikaenda kusimama mlangoni kwa binti yangu Zubeda, nikalitazama shuka lake likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, mpaka adhana ya alfajiri ikasikika katika mtaa wetu hapa Arua. Siku hiyo alikuwa anatimiza miaka saba. Nilikuwa na hofu ambayo nilidhani niliiacha Koboko.

Nilipokuwa mtoto huko Koboko, mama yangu hakuniita kwa jina hata mara moja. Mwalimu aliniita, muuza maandazi aliniita, hata mbuzi wa jirani nadhani walilijua. Mama aliniita "mtoto wa Kiden".

Kiden alikuwa jirani yetu, mwanamke wa Kikakwa, Mkristo, mwenye sauti ya kufika barabarani. Kabla yangu mama alikuwa amezika watoto wawili, na wote waliondoka kabla ya kung'oka jino la kwanza. Ilisemekana kwamba kifo husikiliza mdomo wa mama: kile anachokiita chake, hicho ndicho kinachochukuliwa. Kwa hiyo nilipozaliwa, shangazi alinilaza ndani ya ungo, akanipeleka nyuma ya nyumba, akaniweka jalalani kati ya majivu na maganda ya muhogo. Kiden, aliyekwisha kuambiwa, akapita kama mtu anayepita tu. Akashangaa. Akaniokota.

"Nimeokota takataka hii," alimwambia mama. "Unitunzie."

Tangu hapo nikawa wake. Jino langu la kwanza likidondoka, mama angenikomboa kwa kuku, na hapo ndipo angelitamka jina langu.

Ulikuwa mchezo, na haukuwa mchezo. Asubuhi Kiden alipaza sauti juu ya ua: "Mutoto yangu amekula?"

"Mutoto yako anakula kama askari," mama alijibu. "Leta unga."

Siku jino lilipong'oka nilikimbia nalo mkononi, damu mdomoni. Kiden alikuja na nguo yake ya kanisani, akaketi mkekani. Mama akatoka nje kukamata kuku. Nilijifuta mdomo, nikasimama wima, nikasubiri. Alirudi mikono mitupu.

"Kuku iko na vifaranga," alisema. "Tungoje kidogo."

Jino la pili, kuku alikuwa analalia mayai. La tatu, kuku alikuwa mgonjwa. Kiden alicheka, kisha akaacha kucheka. Meno mapya yakaota yote, nikaja Arua kusomea ualimu, nikaolewa, nikazaa, na kuku wa mama bado hawakuwa tayari. Chuoni rafiki mmoja aliniambia kwamba jina langu, kwa Kiarabu, maana yake ni mwenye kuishi. Nilicheka mbele yake. Baadaye nilijifungia bafuni, nikajiuliza kwa nini mama ananinyima neno dogo namna hiyo.

Mchana wa sherehe mama na Kiden walifika kwa teksi moja, wakigombania dirisha. Kiden sasa anatembea kwa fimbo. Zubeda aliwapokea kwa kinywa wazi ili pengo lionekane.

"Habooba," alimwambia bibi yake, kama sisi Wanubi tunavyomwita bibi, "jino limetoka."

"Zubeda, Zubeda yangu. Panya amelichukua?"

Jina la mwanangu huteleza mdomoni mwake kama samli. Niliiweka keki mezani kwa kishindo kidogo.

Mama akaiinamia. "Mupishi ameandika jina tu. Saba iko wapi?"

Nilitaka kusema mpishi alisahau. Hakusahau. Aliponiuliza mtoto anatimiza miaka mingapi, ulimi wangu ulikataa, nikamwambia jina latosha. Mimi, mwalimu, ninayeandika namba ubaoni kila siku, niliogopa kwamba hiyo moja ikiandikwa, kuna kitu kitakachokuja kuisoma.

"Nilimwambia aiache," nikasema.

"Kwa nini?"

Jibu lilinitoka kabla sijalichagua. "Kuku iko na vifaranga."

Kiden alikishusha kikombe chake. Mama alinitazama, akamtazama Zubeda, akanitazama tena, na mimi nikaona katika uso wake mwanamke aliyesimama mlangoni usiku, shuka likipanda, shuka likishuka, miaka yote hiyo bila kukaa chini. Nilikuwa nimeuhesabu ukimya wake kama kitu alichoninyima. Kumbe jino langu lilipodondoka, hakuona kwamba hatari imepita. Aliona dawa inayofanya kazi, akaogopa kuigusa.

Mama akainuka. Akapitia jikoni, akatoka uani. Tukasikia mbawa zikipiga, ndoo ikianguka. Alirudi amemkumbatia mtetea wangu, vifaranga wakimfuata kwa kelele mpaka kizingitini, Zubeda akawakimbilia. Mama akamweka kuku mapajani mwa Kiden.

"Chukua. Iko na vifaranga, lakini chukua."

Kiden alimpapasa kifua. "Hii kuku amekonda. Halafu iko ya mutoto mwenyewe. Unamununua na kuku yake?"

"Nani amekuuliza kuku iko ya nani?"

"Mimi nilimulisha huyu mutoto."

"Ulimulisha na nini? Unga hukuleta hata siku moja."

"Haya, dada yangu," Kiden alisema polepole, na hakuwa anatania tena. "Nimepokea. Sasa sema."

Mama alinigeukia. Mkono wake ulitafuta meza, ukakuta bega langu.

"Aisha," akasema.