Nipigie Kiti, Usinipigie Pua

Ukurasa wa tatu wa ripoti ulisema kwamba baba yangu aliwahi kufuga ndege nchini kwao, kwamba baadaye aliajiriwa na mwindaji, na kwamba ujanani, alipopelekwa Uingereza, alifundishwa kazi ndani ya mnyonya damu. Chini yake mtathmini wa hospitali, aliyempima kumbukumbu, alikuwa ameongeza kwa kalamu: mgonjwa anamwita binti yake mama.

Niliisoma nimesimama kwenye korido ya hospitali, koti bado mwilini. Ilikuwa mwezi wa Machi, mwanzoni mwa miaka ya 2010, na baba alikuwa amelazwa wiki ya tatu kwa nimonia. Mapafu yalikwisha kupona. Kilichobaki ni uamuzi wa pa kumpeleka: arudi kwangu, ghorofa ya kumi na nne pale St. James Town, au aende makao ya wazee, kwenye ghorofa ambayo mlango wake hufunguliwa kwa namba na wakazi hawaambiwi namba hiyo. Sababu ilikuwa kwamba siku mbili kabla ya kulazwa alikutwa kituo cha basi akiwa na kandambili, theluji imefika vifundoni, akisema anangoja lori la kwenda kambini. Mimi nilisema ni homa. Ilikuwa kweli alikuwa na homa.

Ile ghorofa nilikuwa nimeonyeshwa. Bibi mmoja alisimama karibu na mlango na mkoba wake begani, kama mtu anayesubiri mwenzake amalizie kufunga viatu. Mhudumu aliniomba, wakati wa kutoka, nigeuke nyuma kabla ya kuvuta mlango. Niligeuka. Bibi alikuwa amesogea hatua mbili.

Kabla ya kuja Kanada niliandikia gazeti habari za mahakamani kwa miaka minane, na sasa nakagua madai katika ofisi ya bima huko Don Mills. Kazi zote mbili zimenifundisha kusoma karatasi nikitafuta mahali ilipokosea. Jioni hiyo niliiweka ripoti mezani jikoni na daftari kando yake.

Kosa la kwanza lilikuwa rahisi. Baba hakuzungumza na mtathmini ana kwa ana, alitafsiriwa kwa simu, na mkalimani alikuwa mama wa Bukavu, Kongo. Kwao huko chombo kinachoruka wanakiita avio. Baba aliposema alifanya kazi na ndege maisha yake yote, mama yule alisikia ndege wa manyoya. Hunter na Vampire aliyaacha kama yalivyo, maana ni Kiingereza, na mtathmini akayaandika kwa herufi ndogo. Hunter ni ndege ya kivita ya Kiingereza ambayo baba aliihudumia Nanyuki miaka ya sabini. Vampire ni ya zamani zaidi, na ile aliyojifunzia Uingereza ilikuwa imeshastaafishwa, haina hata mafuta, wanafunzi wakipanda na kushuka humo kutwa.

Kisha ile saa. Aliambiwa achore uso wa saa na mishale ya saa kumi na moja na dakika kumi, akachora mshale mfupi kwenye tano. Akapata sufuri. Mkenya gani angechora vingine? Mkalimani alitafsiri namba ya Kiingereza, eleven, jinsi alivyoisikia, na baba akachora saa anayoijua.

Na mama ni mimi. Nina jina la bibi yangu, aliyemzaa baba, na tangu nikiwa mchanga huko Voi hajawahi kuniita vingine.

Asubuhi nilimweleza mtathmini yote hayo kwa mpangilio. Alikuwa msichana mpole, mwenye haraka, na alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema familia nyingi huwa na maelezo. Angependa kuona kitu, chochote, kabla ya Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Kitu hakikuwepo. Kambini Nanyuki kamera ilikuwa marufuku, kwa hiyo baba hana hata picha moja akiwa karibu na ndege aliyoihudumia miaka saba. Vyeti vyake viliishia kwa mchwa. Hata mimi, niliyekulia nyuma ya uzio wa kambi ile, Hunter nilikuwa naijua kwa sauti tu. Mama mzazi alikuwa akikatiza maneno katikati ya sentensi, anangoja ipite, kisha anamalizia alipoachia, na hakuna aliyeona ni ajabu.

Nilitafuta. Magharibi ya jiji, mwendo wa saa moja na nusu, kulikuwa na banda la ndege za zamani linalofunguliwa wageni Jumamosi, na ndani yake Hunter moja na Vampire moja. Nilipomwambia baba kwamba nitakwenda kuzipiga picha, aliketi kitandani akavuta shuka pembeni.

"Usinipigie pua," alisema. "Kila mtu hupiga pua. Nipigie kiti."

Kazi yake ilikuwa viti. Rubani wa ndege ile akizidiwa, huvuta mpini na baruti iliyo chini ya kiti humrusha nje pamoja na kiti chenyewe. Ndege ikiwa chini, kiti hufungwa kwa pini zenye utepe mwekundu, asije mtu akagusa mpini na kupasuliwa kichwa na dari. Kuziweka pini hizo na kuzihesabu ndiyo ilikuwa kazi ya baba. Alinielekeza kana kwamba ananituma dukani: ya juu nyuma ya kichwa, ya ubavuni, ya chini katikati ya mapaja. Akaniambia pia habari za mtihani. "Walinionyesha kifaru, wakaniuliza ni nini huyu. Nikawaambia, nyinyi mnadhani nimetoka wapi?"

Banda lilikuwa na baridi kuliko nje. Zile ndege zilikuwa zimesogezwa karibu karibu, bawa la moja juu ya bawa la nyingine, magurudumu yamezuiwa kwa magogo, matundu ya hewa yamezibwa kwa vifuniko vyekundu. Vampire ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia, pua yake ya mbao kama mtumbwi uliopakwa rangi. Hunter ilikuwa kijani na kijivu, nyembamba, na nzuri kwa namna iliyonikera kidogo, maana niliijua kama kitu kinachowanyamazisha watu. Mzee wa Kizungu anayejitolea kuwazungusha wageni aliuliza kwa nini sipigi mwili wa ndege. Nilipomweleza, alileta ngazi. Nilipanda na kamera yangu ndogo, nikakipiga kiti kutoka juu, kushoto na kulia, nikapiga na bamba la namba, nikashuka vidole vimekufa ganzi. Picha nilizisafisha kwenye mashine ya duka la dawa.

Alhamisi nilikuwa nimeomba mkalimani Mkenya. Baba alichora saa ikawa sawa. Kisha nikaziweka picha mezani na akazichukua moja moja, akiziweka mbali na macho. Hii, alisema, imepigwa na mtu mwenye haraka. Akataja kila pini kwa jina na kazi yake, kidole kikitembea kutoka juu kwenda chini, na mtathmini akawa anaandika bila kuinua kichwa. Aliandika Hunter kwa herufi kubwa. Alikata neno mnyonya damu kwa mstari mmoja na kutia sahihi pembeni.

Aliulizwa ni mwezi gani, akasema Julai. Dirishani nyuma yake theluji ilikuwa inaanguka. Makosa mengine yote niliyaeleza. Hilo sikulieleza, na hakuna aliyeniuliza.

Iliamuliwa arudi nyumbani, mradi kuwe na mpango wa kumwangalia. Mtathmini angepiga simu baada ya mwezi mmoja. Nilikuwa nakusanya picha baba aliposhika mojawapo, hakuiachia. Pini ya chini iko wapi? aliuliza. Nilimwambia imefunikwa na mkanda. Akaniachia.

Siku ya tatu nyumbani nilimkuta asubuhi mbele ya lifti, amevaa koti, bisibisi mkononi.

"Kile kiti hakina pini ya chini, mama. Kuna kijana atakaa pale."

"Baba, kile kiti hakina baruti. Ilitolewa zamani."

"Nani kakwambia?"

"Yule mzee wa pale."

"Ni fundi wa viti?"

"Hapana."

"Basi."

Jumamosi niliendesha tena saa moja na nusu. Pini ilikuwepo. Niliinua mkanda kwa mkono wa kushoto nikapiga picha kwa wa kulia, utepe mwekundu ukionekana wazi. Baba aliitazama picha hiyo muda mrefu juu ya sahani ya wali. Akauliza nani ameiweka, nikamwambia ni yule mzee, akasema amefanya vizuri. Usingizi wake wa mchana ulikuwa mtulivu. Jumatatu alikuwa kwenye lifti.

Niliichana picha ya kwanza. Haikusaidia, kwa sababu hakuwa akiiangalia tena, alikuwa anaiona bila picha. Kwa wiki mbili nilimlipa jirani akae naye kutwa, lakini jirani ana wajukuu, na akienda kuwapokea shuleni baba alikuwa akitoka. Mama mwenye duka la chini alinipigia simu ofisini mara ya kwanza, kisha mara ya pili. Mara ya tatu baba alikuwa amevuka barabara ya Sherbourne kwa taa nyekundu, na dereva wa lori alikuwa ameshuka, anatetemeka kuliko yeye. Kila mara jibu lake lilikuwa lile lile, lenye mantiki, kwa Kiswahili safi. Hapakuwa na mkalimani wa kusahihisha.

Nilinunua kitasa ambacho nje na ndani hufunguliwa kwa ufunguo tu. Sheria za moto katika jengo letu haziruhusu, nilizisoma mara mbili. Nilijaribu kukifunga mwenyewe Jumapili mchana, skrubu ikaingia upande, na baba akanyanyuka kwenye kochi akanipokonya bisibisi.

"Wewe na vyombo hamkuumbwa pamoja," alisema. "Shika hapa. Usitikisike."

Alifanya kazi taratibu, akipuliza vumbi la mbao kutoka kwenye kila tundu. Aliuliza ni cha nini. Nikasema wezi.

"Wezi ghorofa ya kumi na nne? Wana mabawa?" Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaikaza skrubu ya mwisho, akaujaribu ufunguo ndani na nje, akanikabidhi.

Kuanzia Jumatatu nilimwachia chai kwenye chupa, chapati, na redio. Nilizima jiko kwenye swichi kuu. Nilikuwa natembea kwenye korido nikihesabu milango mpaka kwenye lifti, na mara mbili nilirudi kusikiliza. Mara moja nilisikia ufunguo usiokuwepo unatafutwa, mkono ukipapasa kitasa pande zote kwa ustadi wa mtu aliyekifunga mwenyewe. Sikufungua. Basi lilipopita karibu na gari la zimamoto niliinama kuona linaelekea wapi.

Mtathmini alipiga simu baada ya mwezi, kama alivyoahidi. Nilikuwa mezani kwangu Don Mills. Kwanza alinishukuru: kwa sababu yangu, alisema, sasa kabla ya mtihani wanamuuliza mkalimani namna saa zinavyohesabiwa. Akauliza juu ya chakula, dawa, usingizi. Nilimjibu kweli tupu, kwa mpangilio. Kisha akasoma swali la mwisho kwenye fomu, akiomba radhi kwamba ni la kawaida tu: je, baba anaweza kutoka nyumbani wakati anapotaka?

Kusema hapana kulikuwa ni kumpeleka kwenye mlango wa namba, kwa yule bibi mwenye mkoba. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa sketi yangu na ulikuwa umepata joto.

"Ndiyo," nilisema.

Nilimsikia akiandika. Na mimi, kwa mazoea, niliandika daftarini tarehe, saa, nani kapiga, na swali lake neno kwa neno. Jibu sikuliandika. Nilifunga daftari nikavaa koti, maana basi la saa kumi na moja halimsubiri mtu, na baba alikuwa ndani tangu saa mbili asubuhi.